Slaidi za zamani za rangi: isome filamu kabla ya picha

Slaidi ikifika mkononi, isome fremu yake, yaani ganda la karatasi au plastiki linaloishika filamu, kabla hujaitazama picha. Aina ya filamu ndiyo itakayokuambia rangi zimesalia kiasi gani, kama slaidi itastahimili taa ya projekta, kama skana itaweza kufuta vumbi yenyewe, na kama ni kitu cha kutunzwa au cha kukwanguliwa. Mpiga picha wa majaribio, anayezitumia slaidi za zamani kutengenezea sanaa mpya, akikusanya kwa kufuata mandhari nzuri peke yake hujaza makabati kwa vitu asivyojua atavifanyia nini. Anayeijua kemikali hununua kidogo na hutumia karibu vyote.

Tuanze na Kodachrome, kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi zaidi katika masanduku ya zamani. Ilitoka mwaka 1935 ikiwa filamu ya sinema ya milimita 16, na mwaka uliofuata ikaanza kutumika katika kamera za milimita 35. Ndani ya filamu yenyewe hamkuwa na viungo vya kuzalisha rangi. Viliingizwa maabara wakati wa kuisafisha, yaani kuitoa picha kwa kemikali, rangi moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilikuwa nzito na maabara chache ziliiweza, lakini faida yake tunaiona leo: Kodachrome iliyokaa gizani, mahali pakavu, bado ina wekundu na weusi wake baada ya miaka 60 au 70. Zile za mwanzo kabisa, za 1935 hadi 1938, hazimo katika sifa hiyo. Zilisafishwa kwa njia nyingine na rangi zake zimefifia vibaya. Maabara ya mwisho duniani kuisafisha, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, iliacha kuipokea mwishoni mwa 2010, kwa hiyo kila Kodachrome unayoishika ni ya hesabu iliyokwisha kufungwa.

Kuitambua hakuhitaji hata kusoma jina. Ilaze slaidi chini ya taa ya pembeni na uiinamishe taratibu. Upande wa emulsheni, yaani tabaka la jelatini linalobeba picha, utaona picha imenyanyuka kidogo, mistari ya paa na ukingo wa uso wa mtu vikionekana kama vimechongwa. Filamu nyingine nazo zina dalili hiyo, ila kwa Kodachrome iko wazi sana; ukishaiona mara tatu au nne hutaisahau.

Ektachrome ni habari tofauti. Ilikuja mwaka 1946, na viungo vyake vya rangi vimo ndani ya tabaka za filamu tangu kiwandani, hivyo hata mtu wa nyumbani aliweza kuisafisha. Tatizo ni njia za mwanzo za kusafishia, yaani E-1 hadi E-3: rangi ya siani (buluu-kijani), ile inayozuia wekundu, hufa kwanza hata gizani. Ndiyo maana slaidi nyingi za Ektachrome za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 zimegeuka nyekundu au za majenta (wekundu wa zambarau). Njia ya E-6, iliyoanza katikati ya miaka ya 1970 na inayotumika hadi leo, ni imara zaidi kwa mbali. Anscochrome ya miaka ya 1950 nayo hufifia. Slaidi zinazofifia kuliko zote ni zile za ukumbusho walizouziwa watalii, zenye namba na jina la mahali vilivyochapwa kwenye fremu. Nyingi si picha za awali. Ni nakala zilizotolewa kwenye filamu ya kuchapia sinema, na leo ni waridi tupu. Mkusanyaji wa kumbukumbu huzitupa. Kwangu mimi hizo ndizo malighafi bora kabisa, na nitaeleza kwa nini huko mbele.

Kuna kipimo kimoja cha kufifia ambacho hakidanganyi. Kwenye slaidi, sehemu ya filamu ambayo haikupigwa na mwanga ndani ya kamera hubaki na rangi zote tatu kwa wingi wake wote, kwa hiyo huwa nyeusi. Ukanda ulio kati ya picha na matundu ya filamu, uliofichwa na fremu, ni sehemu ya namna hiyo. Ukifungua slaidi moja ya mfululizo na kukuta ukanda huo ni mweusi kweli, rangi zipo. Ukiwa wa kahawia au mwekundu, siani imekwenda, na picha nzima imekwenda nayo hata kama bado inapendeza. Kama hutaki kufungua fremu, tafuta kivuli kizito ndani ya picha, kama mlango ulio wazi au chini ya gari, ukipime kwa jicho juu ya meza ya mwanga yenye mwanga mweupe. Usipime dirishani. Anga la jioni huipa kila slaidi rangi isiyo yake.

Fremu pia husaidia kukadiria umri. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 maabara za Kodak ziligonga mwezi na mwaka kwenye fremu za karatasi, lakini kumbuka huo ni mwezi wa kusafisha: filamu ingeweza kukaa ndani ya kamera toka likizo moja hadi nyingine. Kabla ya 1954, Kodachrome nchini Marekani iliuzwa pamoja na gharama ya kusafishwa na Kodak wenyewe. Mwaka huo serikali iliwabana wakakubali kutenganisha, ndipo fremu za maabara nyingine zikaanza kuonekana. Fremu isiyo ya Kodak yenye Kodachrome ndani yake basi huenda ni ya baada ya hapo, au ni filamu iliyobadilishiwa fremu. Usikate shauri kwa fremu peke yake. Watu walibadilisha fremu hovyo.

Vipimo navyo ni lazima uvijue, maana vingi huingia katika fremu ileile ya milimita 50 kwa 50. Picha ya kawaida ya filamu ya 35 ni milimita 24 kwa 36 na ina matundu 8 kila upande. Nusu fremu ni 18 kwa 24, yenye matundu 4. Filamu ya 127 hutoa mraba wa 40 kwa 40 unaojaza fremu karibu yote, na ukiiona ikimulikwa ukutani utaelewa kwa nini watu huigombania. Filamu ya 126, iliyoletwa 1963, ni mraba wa takribani 28. Ile ndogo ya 110, ya mwaka 1972, ni 13 kwa 17 na mara nyingi imo katika fremu yake ndogo ya milimita 30. Mraba wa 6 kwa 6 wa filamu ya 120 unataka fremu ya milimita 70 na projekta yake pekee. Slaidi za jozi za kamera ya Stereo Realist, iliyopiga picha mbili kwa pamoja, moja kwa kila jicho, na kuingia sokoni 1947, zimo mbilimbili katika fremu ndefu. Usizitenganishe hata kidogo, kwani jozi ikivunjika haina tena kina.

Ukinunua sanduku zima bila kuliona, mwombe muuzaji picha tatu tu: slaidi 20 zikiwa zimepangwa juu ya mwanga mweupe, nyuma za fremu hizohizo, na slaidi moja kwa karibu iliyoinamishwa chini ya taa. Ya kwanza inaonyesha kufifia, ya pili inaonyesha filamu na mwaka, ya tatu inaonyesha kuvu. Muuzaji anayetuma picha za slaidi zilizoinuliwa dirishani anaficha mambo bila hata kukusudia.

Sanduku likifika, lisiingie kabatini siku hiyo. Lifungulie mbali na mkusanyo wako na ulinuse. Harufu ya siki ni ya plastiki ya asetati inayooza. Asidi inayotoka huchochea uozo zaidi, na ikifungiwa pamoja na filamu nzima huiambukiza. Taasisi ya uhifadhi wa picha, Image Permanence Institute ya Rochester, walitengeneza vikaratasi vya A-D Strips vinavyobadilika kutoka buluu kwenda kijani hadi njano kadiri asidi inavyozidi: kimoja ndani ya boksi lililofungwa, siku moja au mbili, na jibu lipo. Zinazonuka ziskani kwanza kabla ya nyingine zote, kisha zikae peke yake mahali penye baridi.

Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui au vinyota, na hula jelatini yenyewe. Hapa ndipo watu wengi huharibu slaidi kwa mikono yao. Jelatini iliyoliwa na kuvu huyeyuka kwa maji. Ukipitisha kitambaa chenye maji, au hata ukiipulizia pumzi ya mdomo kisha ukafuta, picha inaondoka na kitambaa. Ikaushe kwanza kwa siku kadhaa ndani ya boksi lenye silika jeli (vipunje vinavyonyonya unyevu), kisha tumia kisafishio kisicho na maji, kama PEC-12 au spiriti ya isopropili ya asilimia 99, kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukifuta mara moja kuelekea upande mmoja na kukibadilisha. Baadhi ya slaidi za zamani zilipakwa vanishi nyembamba ambayo spiriti huiyeyusha ikaacha mawingu, hivyo jaribu kwanza kwenye ukanda uliofichwa na fremu. Kwa vumbi la kawaida, pampu ya mpira na brashi laini zinatosha. Mimi naona slaidi tisa kati ya kumi hazihitaji kimiminika chochote.

Slaidi zilizofungwa kati ya vioo zinataka subira. Kioo hulinda vidole visiguse, lakini pia hufungia unyevu, na kuvu hupenda hapohapo. Pete za rangi zinazozunguka kama mafuta juu ya maji hutokea pale mgongo laini wa filamu unapogusana na kioo laini; si uharibifu, zinaondoka ukifungua. Kata utepe wa ukingoni kwa wembe mpya, toa filamu kwa kibano cha ncha za plastiki, uweke katika fremu ya plastiki ya kubana isiyo na kioo. Hifadhi mwandiko wa fremu ya zamani hata kama ni chakavu. Fremu za karatasi zilizogandishwa kwa joto hupasuliwa ukingoni, milimita 2 toka nje, wembe ukiwa umelala. Ukiingiza ncha ndani zaidi ya hapo utagusa filamu.

Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 30 na 40; ukipita 60, kuvu huamka. Kurasa za kuhifadhia ziwe za polipropilini. Zile laini za PVC hutoa mvuke unaonata juu ya filamu, na ukisikia harufu ya kapeti jipya ujue ndizo hizo. Ektachrome za zamani zenye thamani hufaa kugandishwa: mifuko miwili inayofungwa kabisa, silika jeli kati yake, na zikitolewa zikae siku nzima bila kufunguliwa, la sivyo mvuke wa chumba hugeuka matone juu ya jelatini. Andika namba kwa penseli laini kwenye fremu, na usivunje mpangilio wa boksi. Mfuatano wa slaidi 36 hueleza mengi kuliko picha moja iliyochomolewa.

Sasa skani. Kwa nukta 4000 kwa inchi, picha ya 24 kwa 36 hutoa takribani pikseli 5670 kwa 3780, na faili ya biti 16 kwa kila rangi huwa karibu megabaiti 128. Zaidi ya hapo unakuza punje tu. Usiskani kwa biti 8 ikiwa slaidi imefifia, sababu utaiona hivi punde. Ukitumia kamera, weka lenzi ya makro ya 1:1, inayoipiga slaidi kwa ukubwa wake halisi, f/8, ISO 100, faili ghafi, na taa yenye CRI (kipimo cha usahihi wa rangi za taa) ya 95 au zaidi. Ili kamera na slaidi ziwe sambamba, laza kioo kidogo cha kujitazamia pale slaidi inapokaa na usogeze kamera mpaka lenzi ijione katikati kabisa ya fremu. Funika mwanga wote unaozunguka slaidi kwa karatasi nyeusi. Usipofunika, weusi utakuwa wa kijivu. Filamu iliyo katika karatasi hupinda tumboni, basi lenga fokasi theluthi moja ya njia toka katikati kwenda pembeni, si katikati yenyewe.

Kufuta vumbi kwa infraredi, miali isiyoonekana kwa jicho, ni msaada mkubwa kwa Ektachrome, kwa sababu rangi zake hupitisha miali hiyo na vumbi huizuia. Kodachrome huizuia kiasi, hasa kwenye vivuli, na programu hudhani ukingo wa nywele au nguzo ya umeme ni mkwaruzo, ikaula. Ndiyo maana skana ya Nikon Coolscan 9000 ilipewa toleo maalumu la kufuta vumbi kwa ajili ya Kodachrome. Kama huna chombo cha namna hiyo, izime na usafishe kwa mkono. Kodachrome pia hutoka na ubuluu kwenye skani nyingi. Chagua wasifu wake katika programu badala ya kuusahihisha kwa kukisia.

Slaidi nyekundu hurekebishwa hivi. Siani ikifa, mwanga mwekundu hupita kila mahali, hivyo chaneli nyekundu imejikusanya yote upande wa kulia wa histogramu (grafu ya mwanga katika programu), kama kilima chembamba. Isogeze nukta ya weusi ya chaneli hiyo peke yake kwenda kulia mpaka iguse mwanzo wa kilima. Kivuli kitaacha kuwa chekundu. Kisha rekebisha katikati kwa kitu ulichokijua kuwa cha kijivu, kama barabara au shati jeupe kivulini. Umetandaza sehemu ndogo ya thamani ili ijaze nafasi yote. Kwa biti 8 picha ingepasuka mistari, kwa 16 inatulia. Kama kilima hakipo kabisa, taarifa imekufa, na kinachobaki ni kuazima kutoka chaneli ya kijani.

Je, irekebishwe? Kwa kumbukumbu ya familia ya mtu, ndiyo. Kwa kazi ya majaribio, wekundu ule ni kitu ambacho hakuna kichujio kinachoutoa vilevile, kwa sababu haukushuka sawa: vivuli vimekwenda zaidi, pembe zilizogusa hewa zimekwenda tofauti na katikati. Skani zote mbili, iliyosahihishwa na isiyosahihishwa.

Katika kuchanganya picha, kuna njia mbili ambazo watu huzichanganya. Ukizilaza slaidi mbili pamoja katika fremu moja, kila moja huzuia mwanga wa mwenzake, kwa hiyo giza hushinda. Ukizimulika kwa projekta mbili juu ya ukuta mmoja, mwanga hujumlishwa na weupe hushinda. Anga jeupe ni nafasi tupu kwa njia ya kwanza na ukuta usiopitika kwa njia ya pili. Kwa kulaza pamoja, tafuta slaidi zilizopigwa nyepesi kwa stopu moja (mwanga mara mbili ya unaohitajika), au zile za ukumbusho zilizofifia: vivuli vyao vimepungua uzito, hivyo vinampa mwenzake nafasi ya kupumua. Zikutanishe emulsheni kwa emulsheni, ili fokasi moja izishike zote mbili. Mgongo kwa mgongo unaziachanisha kwa unene wa plastiki mbili na moja itakuwa na ukungu. Gharama yake ni kwamba picha moja itageuka kushoto kulia, basi ile yenye maandishi ibaki upande sahihi. Pima mbele ya projekta kwa sekunde chache tu. Kodachrome, iliyo imara gizani, ndiyo dhaifu mbele ya taa kuliko Ektachrome na Fujichrome, na slaidi ya awali haifai kuwa slaidi ya maonyesho; toa nakala.

Kukwangua na kuchoma kwa kemikali kufanywe kwa nakala au kwa slaidi ambazo hazina mtu wala tukio lisilorudi. Kumiliki kipande cha filamu pia hakukupi haki ya picha iliyomo. Haki hubaki kwa aliyepiga au warithi wake mpaka muda wake uishe, na nyuso za watu wasiojulikana zinataka heshima hata sheria ikiwa kimya.

Tabaka zimepangwa hivi kutoka juu ya emulsheni: njano, majenta, kisha siani iliyo karibu na plastiki. Chukua sehemu nyeusi ya slaidi na ukwangue kwa sindano chini ya kioo cha kukuzia. Mkwaruzo wa kwanza, mwepesi, unaondoa njano na kuacha buluu. Ukibonyeza zaidi majenta inaondoka na mstari unakuwa siani. Ukifika plastiki, ni mweupe. Mkono mmoja, rangi tatu, na kinachoamua ni uzito wa kidole. Loweka kona kwa tone la maji kwa dakika moja kabla ya kukwangua; jelatini kavu hukatika vipande, iliyolainika hunyanyuka kama ngozi.

Jiki ya kufulia hufuata njia ileile kutoka juu kwenda chini. Anza na sehemu 1 ya jiki kwa 10 za maji, kwa brashi, glavu mikononi na madirisha wazi, huku bakuli la maji safi likiwa karibu la kusimamisha. Usiitumie kwa slaidi inayonuka siki, wala usiweke siki karibu yake, kwa sababu jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Ukiona buluu imeanza kutokea, tia majini hapohapo. Jiki huendelea kula sekunde kadhaa baada ya brashi kuondoka, na siani haitakusubiri. Kisha iache ikauke ikiwa imelala chali, emulsheni juu, bila kuguswa, mpaka kesho yake.